Mweleze karani wa mapokezi jinsi mgonjwa wako anavyotembea

Katika kliniki nyingi za Nairobi, mgonjwa wa kiharusi au aliyevunjika mguu huonana na karani kabla ya kuonana na daktari. Karani ataomba jina, kitambulisho na namba ya simu, kisha atatazama kama amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Swali linaloweza kumkinga mgonjwa asianguke pale pale kliniki husahaulika kwa urahisi: anatembeaje?

Usingoje kuulizwa. Taja mambo matatu tunayowafundisha wasaidizi wa tiba waandike kwenye faili: kifaa anachotumia mgonjwa, upande wake ulio dhaifu, na kiasi alichoruhusiwa kukanyaga. Hili la mwisho ndilo zito zaidi. "Asikanyage kabisa" ina maana mguu ule haubebi uzito wowote, hata wa kwenda msalani tu. "Akanyage kidogo" ni sehemu ya uzito iliyopimwa na daktari. "Akanyage kadiri anavyoweza" humwachia mgonjwa aongozwe na maumivu yake. Anayechanganya maelezo hayo anaweza kusogeza mfupa ambao bado haujashikana. Kwa hiyo soma barua ya rufaa kabla hujatoka hospitali, na kama hayamo, mwombe daktari ayaandike.

Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wenye nguvu. Najua wengi huushika upande unaouma, kwa kudhani ndio unaohitaji kuegemezwa, lakini ukiwa upande mzima huenda mbele pamoja na mguu mbovu na kuupunguzia mzigo. Ili kupata kimo chake, mgonjwa asimame wima akiwa na viatu, mikono ikining'inia; kishikio kilingane na kifundo cha mkono. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Anayejitundika kwa makwapa hubana neva, na mkono unaweza kufa ganzi au kulegea. Magongo ya kuazima kwa jirani yarekebishwe kwanza.

Wakazi wa ghorofa za Pipeline au Umoja zisizo na lifti wakumbuke hili: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia, wakati wa kushuka, hutangulia ule mbovu pamoja na mkongojo.

Kumtoa mgonjwa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu kunahitaji subira. Kiti kiwekwe karibu na kitanda kwa mshazari, upande wake wenye nguvu, breki zote mbili zifungwe na vikanyagio viinuliwe. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache, kwani aliyelala muda mrefu akisimama ghafla presha hushuka na kizunguzungu humwangusha. Tafadhali usimvute mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa makwapa. Bega la mgonjwa wa kiharusi huumia upesi sana. Mshike kiunoni, bora zaidi kwa mkanda imara, ukunje magoti yako na mgongo ubaki wima. Naye asikushike shingoni. Kama hawezi kabisa kujisaidia, tafuta mtu wa pili.

Unapopanga miadi kwa simu, taja kiti cha magurudumu papo hapo, ili karani atafute chumba cha chini na atenge muda wa kutosha. Na kama kuna foleni nyuma yako, una haki ya kuomba mzungumze kando. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, kwa hiyo karani hapaswi kuuliza maradhi ya mgonjwa wako kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.