Je, wajua kwa nini sungura wa kifuu hupendeza zaidi macho yake yakishushwa?

Anayekuna nazi kila siku, awe Makunduchi au Wete, anajua kwamba vifuu viwili vya nazi moja havilingani: kimoja ni kitupu, na kingine kina matundu matatu. Watoto hukigombania kile chenye matundu, kwa sababu ukikigeuza mawili yakawa juu na moja chini, uso umeshapatikana. Tundu la chini, ambalo ndilo laini na ndilo linalotoa chipukizi, huwa mdomo. Kwa kichwa hicho huundwa sungura wa ngano, yule anayemhadaa simba kila baada ya "paukwa, pakawa": masikio hukatwa kwenye ukili, masharubu hutolewa kwenye usumba, na kiwiliwili hushonwa kwa kipande cha kanga kuukuu.

Sikukuu iliyopita nilimtengenezea mpwa wangu wa miaka minne sungura wawili. Vifuu vyote viwili nilivipiga msasa, kisha nikavigandisha vifungo vyeusi vya koti vilivyolingana ukubwa. Tofauti ilikuwa moja tu: kwa wa kwanza niliviweka vifungo juu, karibu na masikio, na kwa wa pili nikaviweka chini ya nusu ya uso, nikaacha paji pana la uso. Mtoto alimtazama wa kwanza akasema, "Mjomba, huyu babu." Wa pili alimpakata papo hapo, akamfunika kwa mtandio wa mama yake.

Jibu la jambo hili lilielezwa mwaka 1943 na Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria. Alionesha kwamba kuna alama fulani za mwili wa mtoto mchanga zinazoamsha huruma na hamu ya kulea: kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, paji la uso lililotokeza, macho makubwa yaliyokaa chini ya katikati ya uso, mashavu ya mviringo, na mikono na miguu mifupi. Mtoto wa binadamu hukaa muda mrefu bila ya uwezo wa kujilisha wala kukimbia hatari, kwa hiyo wazazi waliovutwa na alama hizo ndio waliowalea watoto wao hadi wakakua, na mvuto huo ukarithiwa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2009 watafiti walizibadilisha picha za watoto wachanga, nyingine wakaziongezea alama hizo na nyingine wakazipunguzia. Waliotazama walisema wale walioongezewa wanapendeza zaidi, na kwamba wangetamani zaidi kuwalea.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hisia hii haiulizi kwanza kama kilicho mbele yake ni mtoto kweli. Komba wa msituni Jozani ana macho makubwa kwa ajili ya kuona usiku, wala si kwa ajili yetu, lakini nasi tukimwona tunayeyuka. Wachoraji nao wamelifuata jambo hili, pengine bila ya kukusudia: mwaka 1979 mwanasayansi wa Marekani, Stephen Jay Gould, alimpima Mickey Mouse katika michoro ya nyakati mbalimbali tangu miaka ya mwanzo, akakuta kwamba kichwa na macho vilikuwa vimeongezeka ukubwa kadiri miaka ilivyopita, huku tabia ya panya huyo ikizidi kuwa ya upole.

Sungura wetu wa ngano ni mjanja na laghai, mwenye akili za mtu mzima, lakini mikononi mwa anayemshona hupewa umbo la mtoto, na naona ndiyo maana tunamsamehe upesi.

Kwa anayetaka kujaribu, chora kwa mkaa mstari unaokigawa kifuu katikati, kisha vigandishe vifungo chini ya mstari huo, ukiviachanisha vya kutosha. Kiwiliwili kiwe kifupi kuliko unavyodhani. Masikio ya ukili yashonewe kwa uzi mara mbili, kwani sungura wa mpwa wangu hulala naye kila usiku, na sikio lake la kushoto limeshang'oka.