Karti si kifupi cha katuni

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kibanda cha PlayStation huko Umoja, nikimsubiri mpwa wangu amalize shilingi zake 20. Ukutani, kwa kalamu ya wino mzito, orodha ya michezo iliishia na maneno haya: MBIO ZA KATUNI YAANI KARTI. Mzazi mmoja aliyekuwa kando yangu akauliza karti ni nini. Kijana mwenye kibanda, huku akihesabu sarafu, akamjibu bila kuinua macho: "Ni kifupi cha katuni, mzee. Si unaona walivyochorwa?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huu kuusikia ufafanuzi huo, na mara mbili za kwanza nilinyamaza.

Mchezo wa karti ni mchezo wa video wa mbio za vigari vidogo vilivyo wazi, ambamo kasi peke yake haitoshi. Njiani kuna masanduku. Ukiligonga moja unapata kombora, ganda la ndizi, ngao au kitu kingine cha kumharibia mwenzako safari. Basi. Maana imekwisha, sasa tuje kwenye jina, maana ndilo lililonitoa nyumbani.

Katuni ni neno la karatasi. Waitaliano waliita *cartone* karatasi nene ambayo mchoraji alichorea mfano wa picha kubwa kabla ya kuihamishia ukutani. Mwaka 1843, gazeti la vichekesho la Punch la London lilitumia jina hilo kwa mchoro wa kejeli, likiwadhihaki wakubwa waliokuwa wakionyesha michoro ya kupambia jumba jipya la bunge. Tangu hapo katuni ikawa kichekesho cha kuchorwa, na ndiyo hiyo iliyotufikia sisi tuliokua tukifungua Taifa Leo kumtafuta Juha Kalulu wa Edward Gitau kabla ya kusoma habari yoyote. Ukilifuata neno nyuma zaidi, unafika kwa Wagiriki na *khartes* yao, ukurasa wa mafunjo. Ukoo huo umejaa Kiswahili bila sisi kujua. Karatasi ilitujia kupitia Waarabu, karata kupitia Wareno, kisha Waingereza wakatuletea kadi, chati na ile katoni ya maziwa dukani. Wote hao ni ndugu wa katuni.

Karti hayumo kwenye ukoo huo. Yeye anatoka kwa *cart* ya Kiingereza, yaani mkokoteni, neno lenye asili huko Skandinavia ya kale. Kwa hiyo ndugu yake wa karibu Nairobi ni yule hamali anayeshuka na viazi kutoka soko la Wakulima akipiga mluzi magari yampishe. (Na mkokoteni wenyewe ni neno tamu: ndani yake unasikia "kokoteni!", kana kwamba kuna watu wanaamrishwa wavute.)

Ile K ya mbele ya *kart* ndiyo iliyokuja baadaye. Kwa Kiingereza, *go-cart* yenye C ni ya zamani sana. Kwanza ilikuwa fremu ya magurudumu ya kumfundishia mtoto kutembea. Mwaka 1956, Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano huko California, alichukua injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi akaifunga kwenye fremu ya mabomba, akaweka kiti na magurudumu manne. Watu wakaupenda mchezo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 vigari hivyo vilikuwa vikiuzwa kwa jina lenye K. Havina springi. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, kwa hiyo magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka kwa mwendo mmoja, na kona hukatwa kwa kuteleza. Niliwahi kuiendesha karti halisi pale Barabara ya Lang'ata, jirani na mkahawa wa Carnivore. Unakaa chini kiasi kwamba lami inapita karibu na kiuno chako, na kila kijiwe kinakusalimia kwenye uti wa mgongo. Hakuna katuni hapo. Lewis Hamilton na Max Verstappen, mabingwa wa mbio za magari za Formula 1, walianzia kwenye vyombo hivyo wakiwa watoto.

Sasa kuna hoja ambayo kijana wa kibanda angependa kuitoa: hata kama asili ni tofauti, kwenye video si zote ni katuni? Hapa ndipo historia inanifaa. Mwaka 1990 Nintendo, kampuni ya michezo ya video ya Japani, ilikuwa imetoa F-Zero, mchezo wa mbio kali sana, wa mchezaji mmoja tu. Watengenezaji wakataka mwingine ambao watu wawili watashindana kwenye skrini moja iliyogawanywa. Mashine ya wakati huo haikuweza kubeba barabara ndefu za kasi ile mara mbili kwa pamoja. Wakazifupisha, wakazijaza kona, na chombo kinachofaa barabara fupi ya kona nyingi ni karti. Katika majaribio ya mwanzo dereva alikuwa mtu tu, mwanamume wa ovaroli asiye na jina. Mario, mhusika maarufu wa Nintendo, alipandishwa baadaye, na mwaka 1992 mchezo ukatoka ukiitwa Super Mario Kart. Karti ilikuwepo ikiunguruma kabla mhusika wa katuni hajaketi.

Mchezo uliokuwa ukichezwa pale Umoja ni Crash Team Racing, ule wa 1999 uliofanywa upya mwaka 2019. Jina lake halina neno karti, lakini ni karti kutoka utosini hadi unyayoni. Kinyume chake, ile Hill Climb Racing ambayo abiria huichezea kwenye matatu foleni ya Jogoo Road ikigoma imechorwa kikatuni kabisa. Lakini humo unashindana na kilima na tangi la petroli. Si karti.

Labda utasema nabishana na mchoro wa ukutani. Lakini yule mzazi, alipoambiwa ni katuni, alisema, "Ah, vya watoto," akarudi kwenye simu yake. Hakuona kilichotokea dakika mbili baadaye. Mpwa wangu, miaka 13, alikuwa wa kwanza. Anajua kuteleza konani na kubonyeza kitufe cha mkupuo wa kasi pindi moshi wa nyuma ukigeuka mweusi, mara tatu mfululizo, bila kukosea. Nyuma kabisa alikuwa binti wa miaka kama 7, miguu haigusi sakafu, pedi ameikumbatia kama paka. Katika mbio hizi aliye nyuma hupewa silaha nzito kuliko aliye mbele. Ni sheria, imewekwa makusudi. Binti akaokota tufe linalomsaka anayeongoza. Likapita barabara nzima, likamkuta mpwa wangu kwenye kona ya mwisho, akazungushwa kama pia, na watu wawili wakampita.

"Anko, umeona?" akanililia. Niliona.

Hicho ndicho kinachoufanya mchezo uwe wa karti: mbio ambazo uongozi haukulindi, na mtu mzima anaweza kupigwa na wa chekechea. Ungeuchora kwa picha halisi kama za runinga, ungebaki ule ule.

Wakati wa kulipa nikamweleza kijana, kwa ufupi kuliko nilivyokueleza wewe. Akasikiliza kwa heshima.

"Kwa hivyo niandike aje, mzee?"

"Karti. Na uibakize hiyo r. Ukiitoa zitakuwa mbio za kati, watakuletea wakimbiaji wa mita 800."

Akacheka, akalowesha kidole kwa mate, akajaribu kufuta YAANI. Wino ulikataa. Akaichukua kalamu, akaikata YAANI kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika NA.

Mpwa wangu akaniomba shilingi 20 nyingine.