CPA ninayo, MBA ya nini?

Wahasibu vijana wenye cheti cha taaluma ya uhasibu (CPA), wanaowaza shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara (MBA), huniuliza swali hili kila tunapokutana kwenye semina, na mara nyingi muulizaji ameshajijibu: "Kaka, CPA nimemaliza, sasa nachukua MBA nipande cheo, si ndiyo?" Jibu langu huwakera kidogo. Kama unachotaka ni cheo tu, ziko njia za bei nafuu zaidi.

Tuanze na kinachotofautisha vitu hivi viwili. CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, inakufungulia mlango wa taaluma yenyewe. Fungua hesabu zilizokaguliwa za kampuni kubwa hapa Tanzania, utakuta ukurasa wenye tamko la mkuu wa idara ya fedha, saini yake na namba yake ya usajili NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Namba hiyo hupewi na chuo chochote cha biashara. Nimeona watu wenye MBA nzuri kabisa wakiandaa hesabu zote, kisha anaitwa mwingine kuja kusaini. Kwa hiyo mwenye njia mbili mbele yake amalize CPA kwanza. Hilo silijadili.

Sasa tazama kinachotokea ukipanda ngazi. Msaidizi wa uhasibu anaulizwa vocha iko wapi. Mhasibu anaulizwa kwa nini salio la benki halilingani na la kitabu. Mhasibu Mkuu anaulizwa kama mishahara ya mwezi ujao itatoka. Mkurugenzi wa Fedha anaulizwa: tufungue tawi Mwanza au tusubiri? Maswali matatu ya mwanzo CPA inayajibu vizuri sana. La nne inalijibu nusu. Chukua mfano wa pango la jengo. Tangu Januari 2019, IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu upangaji, inatuambia namna ya kuliingiza kwenye mizania, na mhasibu aliyeiva atakupigia hesabu hiyo kabla chai haijapoa. Lakini kama jengo lenyewe lilistahili kupangwa, kiwango hakisemi, wala si kazi yake kusema.

Mimi nilienda kusoma MBA kwa sababu ya aina hiyo ya maswali. Niwaonyeshe moja. Namba nimezikata ziwe za mviringo na si za kampuni yoyote, ila mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye usambazaji wa sabuni na mafuta ya kula atayatambua mazingira.

Mzigo unakaa stoo siku 45. Ukiuzwa, wenye maduka wanalipa baada ya siku 60. Mwenye kiwanda naye anatudai alipwe ndani ya siku 30. Jumlisha 45 na 60, toa 30: kila shilingi inayotoka kununua mzigo inarudi baada ya siku 75. Kama mzigo unaotoka kwa siku umetugharimu shilingi milioni 10, basi wakati wowote tuna milioni 750 zilizoganda kati ya stoo na madaftari ya wateja.

Anakuja meneja mauzo na mpango wa kukuza mauzo kwa asilimia 40. Kikao kizima kinafurahi. Mzigo wa siku unapanda hadi milioni 14, na milioni 14 mara siku 75 ni bilioni 1.05. Maana yake kampuni inatakiwa itafute milioni 300 za ziada kwa ajili ya kukua tu, kabla hata ya kununua gari moja la kusambazia. Biashara inaweza kuandika faida kila mwezi na bado ikashindwa kulipa mishahara, na tunaofunga hesabu tunalijua hilo vizuri.

Hapo mhasibu hunyanyua mkono na kusema hela hakuna. Yuko sahihi, ila hajamshauri mtu yeyote. Kikao kinamwona mzee wa breki, kinampita, kinaenda benki kuomba overdrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti.

Mwanga niliupata kwenye somo ambalo wahasibu wengi darasani tulilidharau, lile la tabia za watu kazini. Mwalimu aliuliza: muuzaji wenu analipwa kamisheni lini? Karibu kote ni pale invoisi inapokatwa. Basi tarehe 28 muuzaji atajaza maduka ya Manzese na Tandika mzigo wa mkopo, na si mwizi, anafanya kile ambacho mshahara wake unamwambia afanye. Zile siku 60 za wadaiwa, ambazo mimi nilizoea kuzifuatilia kwa simu na barua za kukumbusha, zilizaliwa kwenye mkataba wa ajira wa mtu wa mauzo. Hakuna ingizo la kwenye vitabu vya hesabu litakaloziponya.

Tuseme nusu ya kamisheni inalipwa mzigo ukitoka na nusu hela ikiingia benki, na siku za wadaiwa zinashuka hadi 40. Mzunguko unakuwa siku 55. Milioni 14 mara 55 ni milioni 770. Ukuaji wote ule wa asilimia 40 unahitaji milioni 20 tu juu ya zile 750 za awali. Overdrafti haina kazi tena.

Mambo hayanyooki namna hiyo mtaani, bila shaka. Mwenye duka aliyezoea siku 60 akibanwa atahamia kwa mshindani, kwa hiyo lazima ujue mteja yupi anabaki kwa sababu ya mkopo na yupi anabaki kwa sababu gari lako halichelewi. Swali hilo ni la masoko, na jibu lake lipo dukani, halipo kwenye leja.

Usimamizi wa uendeshaji nao ulinipa kitu kimoja kidogo ninachokitumia mpaka leo. Kanuni ya Little, iliyothibitishwa mwaka 1961, inasema idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuviingiza mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Kama idara yangu ina vocha 300 zinazosubiri malipo na inamaliza 15 kwa siku, msambazaji anasubiri siku 20 za kazi. Kumfokea karani hakubadilishi hilo. Kupunguza saini tano ziwe tatu kunabadilisha. Mengine, kama mikakati na yale maumbo ya mishale na maboksi, nilisoma, nikafaulu, na siyakumbuki sana.

Kuhusu wakati wa kwenda, kalenda ya mhasibu haina huruma. PAYE, yaani kodi ya mishahara, tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, kodi ya awamu kila robo mwaka, na kwa kampuni inayofunga mwaka Desemba, ritani ya mwisho Juni 30. Mitihani ya NBAA nayo ni Mei na Novemba. Anayejaribu kubeba CPA na MBA pamoja huku anafunga hesabu kila mwezi anajitesa bure. Maliza moja, fanya kazi miaka michache mpaka maswali yaanze kukuwasha, ndipo ujaze fomu.

Vyuo vipo: Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na kampasi yake ya Dar, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), na kule Arusha, Chuo cha Uhasibu (IAA) na ESAMI, taasisi ya usimamizi ya Afrika Mashariki na Kusini. Kabla ya kulinganisha ada, ulizia nani wanasoma darasa la jioni. Darasa la wahasibu watupu litakufundisha kile unachokijua. Mimi nilikaa na muuguzi aliyekuwa anaendesha wodi, mhandisi wa maji na mtu wa bandarini, na mabishano yao yalinifaa kuliko vitabu kadhaa.

Kuhusu ada, baadhi ya waajiri hukubali kulipa, yote au nusu, kwa sharti kwamba ukimaliza ubaki kazini muda fulani. Usiogope kuomba. Nenda na tatizo moja la kampuni utakalolifanyia utafiti wako, maana bosi anaelewa haraka zaidi akiona siku za wadaiwa kuliko akisikia habari za ndoto zako. Ila kabla ya kusaini, soma kifungu cha kuondoka mapema. Kuna mikataba inayokudai ada yote hata ukibakiza miezi miwili, na kuna inayopunguza deni kadiri unavyotumikia. Dai hii ya pili, iandikwe, na nakala yake ikae kwako.