Wavu wa mfuko wa kunasia sungura: dhana potofu na ukweli

Wavu wa mfuko ni kipande kifupi cha wavu chenye pete kila ncha, na kamba inayopita pembezoni pande zote mbili hadi kwenye kigingi. Hutandazwa juu ya mlango wa shimo la sungura. Fereti, mnyama wa kufugwa wa jamii ya kicheche, huingizwa ndani amfukuze sungura. Sungura akikurupuka na kuugonga wavu, uzito wake huvuta kamba na wavu hujifumba. Wengi wanaoanza kusuka hudhani wavu huu hushika kwa kuwa imara na kukazwa. Kinachomshika sungura ni ulegevu wa wavu.

Dhana: Macho madogo ya wavu hayampi sungura nafasi ya kutoka.

Ukweli: Macho madogo humdundisha arudi shimoni. Tena fereti akitoka hunaswa yeye, na wavu hufumba kabla ya wakati. Jicho lenye sentimita 5 hadi 6 kutoka fundo hadi fundo humruhusu fereti apenye bila kuuvuruga wavu, ilhali sungura mkubwa huingiza kichwa akakwama. Ukizidisha hapo, sungura wachanga watapita.

Dhana: Wavu utoshane na mlango wa shimo.

Ukweli: Hata kama mlango hauzidi shibiri moja, suka wavu wa mita 1 hivi na macho 18 kwa upana. Sehemu hiyo ya ziada ndiyo itakayomzunguka sungura. Wavu uliotanda kama ngozi ya ngoma hauna cha kumfungia. Hesabu yake ni nyepesi: kila safu huongeza urefu sawa na upana wa kibao cha kupimia macho, kwa hiyo kibao cha sentimita 5 kinahitaji safu 20.

Dhana: Fundo lolote linafaa, mradi limekazwa.

Ukweli: Hapa ndipo nyavu nyingi huharibikia. Pitisha uzi mbele ya kibao, uzungushe nyuma yake, kisha ingiza sindano ya kusukia nyavu, yenye uzi, katika kitanzi cha safu ya juu, kutoka nyuma kuja mbele. Vuta hadi kitanzi kiguse ukingo wa kibao, ukibane papo hapo kwa kidole gumba. Tupa uzi upande wa kushoto, pitisha sindano nyuma ya miguu yote miwili ya kitanzi kutoka kulia, itoke ndani ya duara la uzi uliotupa, kisha kaza. Kidole kikilegea kidogo tu, fundo hushuka chini ya kitanzi na kujifunga kwenye uzi wake lenyewe. Ukilitazama linaonekana zima, lakini litateleza, jicho moja litapanuka na la jirani litasinyaa. Vuta kila fundo ulijaribu kabla ya kwenda la pili. Kulifungua fundo bovu baada ya safu tatu ni adhabu.

Dhana: Kamba ya pembeni ifungwe kwenye macho ili isichomoke.

Ukweli: Ukiifunga, umeua wavu. Kamba huanzia kwenye kigingi, hupita katika pete ya juu, huteremka ndani ya jicho la mwisho la kila safu, hupita pete ya chini, hupanda upande wa pili na kurudi kupitia pete ya juu hadi kigingini. Njia nzima iteleze. Chukua takriban mita 3 za kamba ya kusukwa, unene wa milimita 3. Ya kusokotwa hujikunja vifundo na kukwama. Pete ziwe laini, za sentimita 3 hivi, zisizo na mwanya wa kunasa uzi. Kabla ya kwenda nao shambani, shindilia kigingi, tandaza wavu, kisha rusha katikati yake mfuko wenye kilo moja na nusu, karibu uzito wa sungura pori. Usipofumba wenyewe, tafuta mahali kamba inapokwama.

Dhana: Nailoni inashinda uzi wa hempu kwa kila hali.

Ukweli: Nailoni haiozi, lakini jua huidhoofisha, mafundo yake huteleza usipoyakaza sana, na wepesi wake huufanya upepo uupeperushe wavu. Hempu hutulia vizuri ardhini. Ukiihifadhi ikiwa na unyevu, huoza. Uzi wa plastiki wa mshipi wa kuvulia samaki usiutumie kabisa, maana hukata ngozi ya mnyama.

Dhana: Wavu huu hunasa sungura yeyote wa porini.

Ukweli: Neno letu sungura hubeba wanyama wawili. Sungura wa Ulaya, anayewindwa hivi Uingereza, huchimba na kuishi mashimoni. Yule mwenye masikio marefu na miguu mirefu hulala juu ya ardhi, kwenye kijilalio cha majani, na shimoni hutamtoa.

Dhana: Wavu unaweza kuachwa usiku kucha.

Ukweli: Wavu hushika pale tu kamba inapokuwa imevutika. Ikilegea, sungura hujipangua, asipotoka, huteseka. Kaa karibu, umtoe na kumuua mara moja. Rangi inayoonekana haidhuru, kwa sababu sungura anayekimbizwa na fereti hana muda wa kuutazama wavu, nawe itakusaidia. Hesabu nyavu unapotega na unapokusanya: mmoja uliosahaulika utanasa mnyama ambaye hakuna atakayekuja kumfungua.