Pranayama: kushusha pumzi kwa makusudi

Mtu akiwa na wasiwasi tunasema roho yake iko juujuu. Mtazame: mabega yamepanda, tumbo limekaza, anahema kwa kifua kitupu. Jambo likiisha salama, cha kwanza anachofanya ni kushusha pumzi. Pranayama inageuza mpangilio huo: unashusha pumzi kwanza, habari njema zije baadaye zikitaka.

Neno ni la Kisanskriti. Prana ni pumzi, ile inayobeba uhai. Ayama ni kurefusha. Ni sehemu ya yoga, ingawa ukitazama picha za mitandaoni utadhani yoga ni kukunja viungo tu. Katika mafundisho ya kale ya India yoga ina hatua 8. Mikao ya mwili ni ya 3, pranayama ya 4.

Kwa nini pumzi? Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo, wala viganja viache kutoa jasho. Pumzi nayo hujiendesha yenyewe, ila ukitaka, unaweza kuishika usukani. Na moyo huifuata: ukivuta hewa unaongeza kasi kidogo, ukitoa unapunguza. Weka vidole 2 kwenye mshipa wa mkono, huenda ukausikia. Breki hiyo huletwa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi kifuani na tumboni. Ukitoa hewa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, breki inakaa zaidi.

Basi vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika 5 hivi. Mkeka hauhitajiki. Mimi hufanya ndani ya daladala kwenye foleni, na saa nane usiku kichwa kinapoanza kupiga hesabu za kodi ya nyumba. Mwanzoni nilivuta hewa kama mtu anayetaka kupiga mbizi, nikapata kizunguzungu na ganzi ya vidole. Pumzi iwe ndogo tu, ya kawaida. Kinachorefushwa ni mkia wake.

Wasiwasi usiokoma wiki baada ya wiki, unaokunyima usingizi na kukuharibia kazi, ni ugonjwa wenye matibabu. Huo upeleke kwa daktari, pumzi isaidie pembeni.

Tena wapo ambao kuisikiliza pumzi yenyewe kunawaongezea hofu. Hao waanze na kitu cha nje. Programu ya wiki 8 ya kupunguza msongo kwa kuituliza akili kwenye jambo lililopo sasa, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, ni maarufu kwa zoezi la kula zabibu kavu moja: unaitazama, unaigusa, unainusa, ndipo unaitafuna polepole. Nyumbani, vyombo vya usiku vinatosha. Sikiliza maji, sikia povu na ukingo wa sahani. Akili ikikimbilia kesho, irudishe kwenye sufuria. Itakimbia tena kabla hujamaliza vijiko, nawe utairudisha tena.