Siku huanza magharibi

Mwaka niliohamia Unguja kutoka Masasi, jirani yangu wa Mkunazini alinialika kwenye shughuli ya bintiye. "Usikose, Mwalimu, usiku wa Jumamosi." Jumamosi nikapiga pasi shati, nikatoka baada ya magharibi. Nikakuta masufuria yanasuguliwa uani. Bibi mmoja alicheka mpaka akakaa chini: "Mwalimu, usiku wa Jumamosi si ndo jana!"

Wenyeji wa pwani wanajua kwamba usiku hutangulia mchana wake. Jua likishazama Ijumaa, umeingia usiku wa Jumamosi. Hata saa zetu zinakiri hivyo: kumi na mbili jioni inakwisha, moja ya usiku inaanza kuhesabiwa upya. Sisi wa bara tumezoea siku inayobadilika saa sita usiku, wengi wetu tukiwa tunakoroma.

Mimi ni katekista. Nafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, na aibu ile ya masufuria imenifaa darasani kuliko vitabu vingi. Maana sura ya kwanza ya Mwanzo inahesabu vilevile: "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Jioni kwanza. Kanisa nalo halijaiacha hesabu hiyo. Sala ya jioni ya Jumamosi tayari ni ya Jumapili.

Ukiianza siku asubuhi, jambo lake la kwanza ni kazi, na shukrani inangoja usiku, kama nguvu zitabaki. Ukiianza magharibi, jambo la kwanza ni kula, kusali na kulala. Unapoamka, nusu ya siku imeshapita na Mungu ameiendesha bila msaada wako. Wewe unaingia kazini katikati, umekuta mambo yanakwenda. Wana wa Israeli jangwani walilishwa kwa mpangilio huohuo, jioni kware, asubuhi mana, na aliyeficha mana ya kesho aliikuta ina mabuu.

Ndiyo maana nalipenda neno riziki katika Sala ya Bwana: "Utupe leo riziki yetu." Ni neno lilelile analolitaja jirani yangu Mwislamu akisukuma ngalawa alfajiri. Wenzetu Wakatoliki wa kanisa la Minara Miwili husema mkate, na sigombani nao. Mkate wa mofa nami naujua utamu wake. Lakini riziki imebeba zaidi: samaki, mteja, afya, hata mvua.

Basi nawaambia wanafunzi: adhana ya magharibi ikisikika, nasi tusimame kidogo. Taja jambo moja la siku iliyokwisha, kwa jina lake. "Asante kwa yote" ni shukrani ya mtu mwenye haraka. Kisha taja mtu mmoja utakayemtumikia katika siku inayoingia. Mtu, siyo mpango. Mipango nimeiona mingi kwenye madaftari ya Januari.

Swali gumu huja tunapofanyia somo ndani ya kanisa kuu letu la Kianglikana, Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwa hapa. Lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka uleule. Altare husimuliwa kuwa imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, hapa mtu anashukuru nini? Nilimjibu kwamba mjeledi haushukuriwi, wala Mungu hakuuagiza. Tunashukuru kwamba ulikoma, na kwamba waliokombolewa walikuwa na kesho. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongozana na baadhi yao hadi Masasi, kwetu, wakaanzisha kijiji. Nikisema nimetoka Masasi, nasema nimetoka kwenye shukrani ya watu hao.

Baadaye huwaonyesha nguzo zilizo karibu na kisima cha ubatizo. Inasemekana mafundi walizisimika miguu juu Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Hadi leo zimebeba. Kwa mtu anayedhani siku yake imeharibika tangu asubuhi, hilo humwingia kuliko mahubiri yangu.

Mwaka jana nilikuwa na kijana anayeosha vyombo katika hoteli moja kule Nungwi, zamu za usiku. Alinilalamikia kwamba kwake siku haina kichwa wala mkia, analala wengine wakienda kazini. Nikamwambia aihesabu tangu magharibi, hata akiwa na povu mikononi. Sikujua kama alinielewa. Wiki iliyofuata, saa moja usiku, simu ikalia ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Siku imeanza. Jana namshukuru mpishi, kaniwekea ukoko. Leo ni zamu ya yule mgeni wa jikoni, hajui hata sabuni ilipo."