Mbao haitulii: kubandika wolpepa kwenye kabati, mlango na ukuta wa mbao

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kigamboni alinitumia picha kwa WhatsApp. "Fundi, karatasi imechanika yenyewe." Ni ukuta wa mbao unaotenganisha sebule na chumba cha watoto, mbao za paini zimepangwa wima. Kila baada ya upana wa kiganja kulikuwa na mpasuko mnyoofu kama umepigwa rula, unapita katikati ya maua ya wolpepa kutoka darini hadi sakafuni. Nikamjibu kabla hata sijafika kwake: mama, zilizoichana ni mbao zenyewe.

Mbao hata ikishapigwa msumari bado inapumua. Masika inavuta unyevu wa hewa, inavimba. Jua likikolea inautoa, inasinyaa. Tena haisinyai kwa urefu, au tuseme kidogo mno. Husinyaa kwa upana. Ubao wa paini wenye upana wa milimita 150, unyevu wake ukishuka kwa asilimia 4 tu, hupungua milimita moja na ushee. Seremala hashtuki kwa milimita moja. Lakini karatasi imeshikwa na gundi huku na huku ya ungio, na mbao mbili zinaachana chini yake, itakwenda wapi? Na hapo nazungumzia mbao kavu. Hizi zilizoshushwa juzi kwenye lori kutoka Mafinga, ukizishika bado zina ubaridi, zitasinyaa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukuta wa mbao zilizopangwa mimi siubandiki moja kwa moja, hata mteja akinisihi. Navisha kwanza plaiwudi ya milimita 6 juu yake, kwa skrubu zisizoshika kutu. Plaiwudi imetulia kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa: nyuzi za hii zimesimama, za inayofuata zimelala, basi kila moja inamzuia mwenzake. Kati ya karatasi moja ya plaiwudi na nyingine naacha nafasi ndogo, naijaza puti na kuipiga mkanda uleule wa wavu wanaotumia watu wa jipsam. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, nayo imetulia, ila usiipeleke karibu na sinki wala bafu, kingo zake hunywa maji na kuvimba kama mkate kwenye chai.

Jambo la pili ni madoa, na hapa ndipo wengi wanapoumia kwa sababu siku ya kwanza kazi huwa safi kabisa. Gundi ya wolpepa ni maji kwa sehemu kubwa. Maji yale yanaingia kwenye mbao na kuyeyusha vilivyomo, kisha yanarudi juu navyo yanapokauka. Mbao ya mkongo ina rangi ya manjano ndani ya vinyweleo vyake, ukilowa inatoka na kukaa kwenye karatasi. Paini ina vifundo vyenye utomvu, na kila kifundo baada ya miezi kitajichora kama doa la chai. Misumari ya kawaida inashika kutu chini ya karatasi. Dawa ni moja: piga msasa namba 120, zamisha vichwa vya misumari, ziba kwa puti, piga msasa tena namba 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu praima ya mafuta, yaani rangi ya kwanza ya kuziba mbao, mara mbili. Praima ya maji usiitumie hapa, kwa maana nayo ni maji na itavuta doa lilelile. Kama mbao ina vanishi ya zamani inayong'aa, ikwaruze kwanza kwa msasa hadi mng'ao uishe, la sivyo hakuna kitakachoshika.

Praima ina faida nyingine ambayo utaikumbuka baada ya miaka mitano ukichoka na yale maua: karatasi itabanduka. Ikibandikwa kwenye mbao tupu, gundi inaingia kwenye nyuzi na hutoki nayo bila kung'oa vinia, ule utando mwembamba wa juu wa mbao.

Ila ukishaziba mbao hivyo, maji ya gundi hayana pa kwenda isipokuwa kupita kwenye karatasi yenyewe. Kama umechagua wolpepa ya vinaili, yaani yenye plastiki juu, nayo haipitishi, na kwa joto letu la pwani ukungu mweusi utaota kwa nyuma. Hivyo kwenye mbao napendelea ile ya nyuzi zisizofumwa (non-woven), ambayo gundi unaipaka ukutani na si kwenye karatasi, na nakoroga gundi nzito kuliko maelekezo ya ukuta wa saruji. Gundi ya uji wa ngano, ile waliyobandikia magazeti bibi zetu, waachie mende.

Milango ya kabati ilinifundisha kwa hasara. Zamani nilibandika milango minne ya plaiwudi nyembamba, upande wa mbele tu, nikaisimamisha ukutani ikauke. Asubuhi yote minne imepinda kama upinde. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inavuta, na kwa nyuma hakuna cha kuvuta upande wa pili. Siku hizi naulaza mlango mezani, nabandika nyuma pia, hata kwa karatasi ya bei rahisi, na siupachiki bawaba kabla haujakauka sawasawa. Tena roli nyingi madukani zina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, basi nikiulizwa mapema namwambia seremala mlango usizidi sentimita 50. Unapata kipande kimoja kisicho na ungio.

Kwenye kingo sikunji karatasi. Mikono ya watu itaibandua ndani ya mwezi. Naikata milimita mbili kabla ya ukingo, au nafunika kwa ukanda mwembamba wa mbao. Wembe nabadilisha kila kipande, kwa sababu karatasi mbichi na wembe butu havipatani. Zile stika za kujibandika za Kariakoo zinafaa kwenye mlango laini uliopakwa rangi ya mafuta, mbali na jiko. Karibu na jiko kona zinaanza kuinuka.

Na kabla ya yote hayo, gonga mbao. Ikilia tupu, muite wa mchwa kwanza.

Jumamosi naanza Kigamboni. Fundi aliyetangulia hakupaka praima, kwa hiyo ile karatasi haibanduki. Tumekubaliana na mama tuiache humohumo, plaiwudi iifunike na maua yake yote.